Kabla ya Dawa, Muulize Timu Yake

Juzi usiku nimepokea ujumbe wa mdogo wangu mmoja anayesoma makala zangu hapa. Yuko Leeds, Uingereza, ana miezi minne kwenye kazi ya kuhudumia wazee majumbani. "Dada shikamoo. Kuna mzee napangiwa kwake asubuhi na jioni. Namwogesha, nampa chai, nampa dawa, hanisemeshi hata neno. Nikimsalimia anageukia ukutani. Nimemkosea nini?"

Nikamuuliza swali moja tu: ukutani kuna nini? Akajibu kuna picha za wajukuu, saa, na skafu kuukuu ya buluu na njano imepigiliwa misumari miwili.

Mdogo wangu, hujamkosea kitu. Hageukii ukuta huyo, anaiangalia skafu ya timu yake.

Nimeamua kumjibu hapa hadharani kwa sababu najua mko wengi. Mmekuja na hesabu zenu, kama mimi: kumaliza deni la safari, kusimamisha msingi Chanika au Kigamboni, baadaye kusomea unesi. Hesabu nzuri hizo, na Mungu azibariki. Lakini katikati ya hesabu kuna mtu mzee kitandani, na ukimkosa huyo utaichukia kazi hii mpaka mwisho. Mimi nilichelewa kulijua hili, na kuchelewa kwangu kuliniumiza mahali ambapo mpaka leo hapajapona.

Nilifika Hull mwaka 2022. Habari za visa na baridi ya kwanza nimeshaziandika, sizirudii. Hull ni mji wa bandari, mashariki mwa Uingereza, na katikati unapita mto unaoitwa Hull vilevile. Ng'ambo ya magharibi ni watu wa Hull FC, nyeusi na nyeupe. Mashariki ni watu wa Hull Kingston Rovers, nyekundu na nyeupe. Unazaliwa upande, unakufa nao. Na mchezo wenyewe si kandanda, ni raga, tena si ile ya wachezaji 15 tunayoisikia kwa majirani zetu Kenya. Hii ni raga ya wachezaji 13, na timu ikiangushwa mara ya sita mpira ukiwa mkononi mwake, inawaachia wapinzani. Ilianza tarehe 29 Agosti 1895, kwenye hoteli ya George mjini Huddersfield, siku klabu za kaskazini zilipojitenga. Wachezaji wao walikuwa wachimba makaa na vibarua wa viwandani. Wakienda uwanjani Jumamosi wanakosa ujira, na wakubwa wa mchezo hawakutaka wafidiwe. Rovers yenyewe ilianzishwa mwaka 1882 na vijana waliokuwa wakijifunza ufundi wa boila. Ukishalijua hilo utaelewa kwa nini mzee aliyefanya kazi gatini maisha yake yote anaitaja timu yake kama mtu anavyoutaja msikiti aliozaliwa jirani nao.

Mimi sikulijua. Na si kwa sababu nilikuwa mgeni. Nyumbani kwetu Magomeni mambo hayo yalikuwepo, nikayapita.

Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa Yanga. Kadi yake ya uanachama ilikaa kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, ndani ya kipande cha nailoni, na kila shati lilipofuliwa kadi ilihamishiwa lingine. Jumapili alikaa barazani na wazee wenzake wa Jangwani wakibishana kuhusu mechi zilizochezwa kabla mimi sijazaliwa. Mimi na mama tulikuwa tukikereka. Nakumbuka nilimwambia siku moja, kwa kiburi cha mtoto aliyesoma, "Baba, hao wachezaji hata hawakujui." Hakunijibu.

Mwaka 2023 Yanga ikaingia fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ikafungwa 2–1 Dar na USM Alger, halafu tarehe 3 Juni ikaenda kushinda 1–0 kule Algiers, na kombe likapotea kwa sheria ya bao la ugenini. Jumapili asubuhi baba akanipigia. Nilikuwa ndani ya basi naenda shifti, sijalala vizuri. Akasema, "Mwanangu, tumeshinda na kombe tumekosa." Sauti yake ilikuwa inatetemeka. Nikamjibu, "Baba niko kazini, tutaongea." Hatukuongea tena kuhusu hilo. Mwezi wa saba aliondoka, na mimi sikuweza kwenda kumzika.

Sitasema zaidi. Nimeandika hayo ili ujue ninakotoka ninapokwambia usikate simu.

Mwezi uliofuata, Agosti, nikapangiwa mzee mmoja mashariki ya Hull. Miaka 84, mjane, miguu imechoka, kumbukumbu inakuja na kuondoka. Wenzangu waliniambia ni mkorofi. Huku wahudumu tunawaita wazee kwa majina yao ya kwanza, mimi ulimi ulikataa, nikawa namwita "Mzee". Hakuuliza maana yake. Wiki nzima alikuwa akinijibu kwa kichwa tu.

Jumapili ya tarehe 13 Agosti nikafika, nikakuta mapazia yamefungwa. Amekataa kula, amekataa kunyolewa. Nikaandika kwenye daftari la huduma: "Amekataa kifungua kinywa." Nilipokuwa nakusanya vyombo nikaona juu ya kochi jezi nyekundu imekunjwa vizuri, mikono imelazwa nyuma, kama unavyokunja nguo ya mtu aliyefariki. Nikasimama na sahani mkononi. Nikamuuliza, "Mzee, jana mlicheza?"

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. Akasema, "Pointi moja."

Siku iliyotangulia Rovers walikuwa Wembley, fainali ya Kombe la Challenge, wakapoteza 17–16 mbele ya Leigh kwenye muda wa nyongeza, kwa teke moja la Lachlan Lam. Pointi moja! Ile sauti ilikuwa sauti ya baba. Nikaweka sahani chini, nikakaa, na safari hii sikusema niko kazini. Aliongea dakika arobaini. Akala mayai.

Kuanzia hapo nikajifunza. Na ushauri wangu wote, ndugu zangu, ni huu mmoja, nitaurudia mpaka mchoke: ijue timu ya mzee wako. Jua rangi zake, jua inacheza lini, jua iliposhinda na iliposhindwa. Ukiingia asubuhi usianze na "Umelalaje, umekunywa dawa?" Kila anayeingia pale anauliza dawa. Anza na timu, dawa itafuata, na itamezwa.

Mzee wangu alinipeleka nyuma mpaka uwanja wa zamani wa Craven Park, ule wa barabara ya Holderness, ambao klabu iliuacha mwaka 1989. Alinionyesha bati la biskuti lenye vipande vya tiketi. Kipande kimoja ni cha tarehe 3 Mei 1980, siku timu mbili za mji mmoja zilipokutana fainali Wembley. Mji mzima uliondoka kwenda London, na wenyewe wanasimulia kwamba njia ya kutokea mjini palibandikwa maandishi: wa mwisho kutoka azime taa. Rovers walishinda 10–5. Nahodha wao, Roger Millward, alivunjwa taya mapema kabisa, akacheza mpaka mwisho, akapanda kuchukua kombe. Mzee alikuwa akinisimulia hapo anashika taya lake mwenyewe. Siku ambayo hakumbuki kama amekula, lile taya analikumbuka, na upande lilikovunjika.

Tena usimuulize "unakumbuka?" Neno hilo linawatisha wenye maradhi ya usahaulifu, ni kama mtihani. Mpe kitu mkononi: tiketi, skafu, kofia. Kitu chenyewe kitamtoa maneno.

Siku nyingine akanipa picha ya winga mmoja mweusi, anakimbia na mpira kwapani. Clive Sullivan. Mtoto wa Cardiff. Miaka mingi na Hull FC, kisha akavuka mto kuja Rovers, na siku ile ya 1980 alikuwemo. Mwaka 1972 aliiongoza Uingereza kuchukua Kombe la Dunia la raga hii, naye ndiye mtu mweusi wa kwanza kuwa nahodha wa timu ya taifa ya Uingereza katika mchezo wowote. Alifariki mwaka 1985, na barabara kuu ya kuingilia Hull kutoka magharibi ikapewa jina lake. Mimi nilikuwa nimepita barabara hiyo kwa basi mara ngapi sijui, nasoma kibao, nadhani ni diwani fulani. Mzee akasema mtu pekee aliyewahi kupendwa kote kote mtoni ni yule. Akanitazama, akaongeza, "Nilitaka umjue." Nikaenda jikoni kuosha vikombe vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma, na kampuni siitaji. Ziara ya mzee ilikuwa imepangwa dakika thelathini. Mimi nilikuwa nakaa hamsini, wakati mwingine saa nzima, na zile za ziada silipwi, najua, sikudai. Siku moja nikaitwa ofisini nikasomewa makosa: nimezidisha muda, nimechelewesha ziara zinazofuata, "nimejenga ukaribu usiofaa." Nikaondolewa kwenye ratiba yake siku hiyo hiyo. Hakuna aliyemweleza mzee. Binti yake aliniambia baadaye kwamba wiki mbili alikuwa akimuuliza kila mhudumu mpya, "Yule wa Mzee yuko wapi?" Hakuwa na jina langu la kuulizia. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwita Mzee, naye akalichukua neno akaniita nalo.

Kwenye ratiba kweli nilikosea, kuna bibi mmoja alisubiri sababu yangu, na nilimwomba radhi. Kwenye ukaribu sikukosea. Nasimama hapo mpaka kesho. Mtu aliyelipia tiketi ya msimu tangu ujana wake, aliyeiona timu ikichukua ubingwa mwaka 1985 na kisha akakaa miaka arobaini bila kombe kubwa, akapigwa 50–0 na Leeds Wembley mwaka 2015, mwaka uliofuata akashushwa daraja, na bado kila Jumapili jezi anaikunja vizuri, huyo anastahili dakika ishirini za mtu. Tena ukiwa mwana wa watu unayejua nini maana ya mzee nyumbani, huhitaji kufundishwa hilo na ofisi.

(Mdogo wangu wa Leeds, umeona hapo? Skafu ya buluu na njano, rangi za Leeds hizo. Jioni ukifika muulize tu kuhusu mwaka 2015. Usimwambie mimi niko upande gani.)

Nilihama kampuni. Binti yake akanikaribisha niwe naenda kama mgeni wa nyumba, siku zangu za mapumziko, na ndivyo ninavyofanya mpaka sasa.

Tarehe 7 Juni 2025 nilikuwepo. Wembley tena, Warrington mbele, 6–2, dakika zinakwisha. Mzee alikuwa amefumba macho kabisa, mikono miwili imeshika skafu. Ilibaki kama dakika mbili Tom Davies wa Rovers akaugusisha mpira chini. Sita kwa sita. Mikey Lewis akaweka mpira, akarudi nyuma hatua zake. Nikamwambia, "Mzee, fumbua." Akatikisa kichwa. "Niambie wewe." Mpira ukapita katikati ya nguzo na mimi nikapiga kigelegele nilichokuwa nimekibeba tangu Magomeni, majirani wakatoka. Nane kwa sita. Alipofumbua macho hakushangilia. Alikaa akimtaja baba yake, kwa jina, mara mbili tatu, kama anamwita kutoka chumba cha pili.

Oktoba wakachukua na ubingwa, 24–6 dhidi ya Wigan kule Old Trafford. Nao tuliuona, lakini ule wa Juni ndio uliokuwa wake.

Hebu wapigieni simu wazee wenu leo. Sisemi huku tu, nasema na Tandika, na Mwanza, na Tanga. Muulize mechi. Hata kama huipendi, hata kama uko ndani ya basi, muulize nani alifunga, umwache amalize. Mimi kuna mtu siwezi kumpigia.

Mwezi uliopita kaka yangu amenitumia kadi ya baba, ile ile, na nailoni yake. Nikaenda nayo kwa Mzee. Aliishika kwa vidole viwili, akaisogeza dirishani, akauliza hizi rangi za kijani na njano ni za nani. Nikamweleza: Yanga, Dar es Salaam, mwaka 1935, timu ya baba yangu. Akauliza swali ambalo mtu wa mashariki ya Hull lazima aulize: na ng'ambo ya mto kuna nani?

Nikamwambia wapo, wanaitwa Simba, ila mpaka mwaka 1971 walikuwa wakiitwa Sunderland.

"Sunderland?" akasema. "Sunderland hii yetu, ya pale juu?"

"Jina hilo hilo, Mzee."

Akacheka mpaka nikamletea maji. Kisha akalivuta lile bati la biskuti, akalifungua, akaniuliza kama kadi inaweza kulala humo usiku mmoja.