Waulize Wazee: Uzi mbele ya rubani

Shikamoo mzee. Mwanangu ameona ndege ikitua hapa Mtwara, anauliza: wale ndugu Wright, Wamarekani waliotangulia kuruka kwa ndege ya injini, walijuaje mwendo wao angani, wakati hawakuwa na vioo vya kusomea? — Mama wa Mikindani

Marahaba, mwanangu. Vipimo walikuwa navyo, ila vitatu tu. Tarehe 17 Desemba 1903, huko North Carolina, Marekani, ndege yao ilibeba kipimaupepo, saa ya kupimia muda na kihesabio cha mizunguko ya injini. Orville, mmoja wa ndugu hao, alirusha akiwa amelala kifudifudi, hakuwa na nafasi ya kuvitazama. Wenzo mmoja ulizima injini na kuvisimamisha vyote kwa pamoja. Wakavisoma wakiwa chini. Safari ya kwanza ilikuwa sekunde 12, kama mita 37. Ya nne, sekunde 59.

Kinachonigusa zaidi ni uzi. Baadaye walifunga kipande cha uzi mbele ya rubani. Ukinyooka kuja kwake, ndege inakwenda sawa. Ukilalia upande, ndege inateleza kwa ubavu.

Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi hapo Mikindani. Alifunga utepe wa kanga kuukuu kwenye kamba ya mlingoti, na kusi ilipogeuka hata kidogo aliuona kabla tanga halijapiga. Kila nikisoma habari za ule uzi, namwona yeye, macho juu, mkono kwenye usukani.

Mwambie mwanao kwamba marubani wa ndege zisizo na injini wanaufunga uzi huo mpaka leo, juu ya kioo cha mbele.