Ukimtoa, Hadithi Inabaki Ileile

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Mhusika wangu mkuu nimempangia kila kitu, lakini hadithi haisogei. Nakosea wapi?" Nikacheka, kisha nikanyamaza. Swali lake lilinirudisha kwenye mswada wangu wa kwanza, kidonda ambacho hakijakauka.

Mhusika wangu aliitwa Zuhura. Nilimjazia daftari zima: kovu la gotini, hofu ya radi, ndoto inayomrudia kila mwezi. Miaka miwili ikapita (hiyo niiruke, haina utamu). Zuhura akaonewa na mama mkwe, akasingiziwa wizi, akatelekezwa na mume. Kazi yake ikawa kulia dirishani. Nikampelekea mhariri. Jibu lake: "Nimejaribu kusoma huku nikimruka Zuhura. Hadithi imebaki ileile."

Nilimchukia mtu yule. Hata leo nikisikia akitajwa, kuna kitu kinanichoma. Lakini alisema kweli. Zuhura alikuwa mtendwa tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Sababu yake sijawahi kuisema hadharani: Zuhura alikuwa mimi. Nani anapenda kujiandika akiwa na hatia?

Nikampa kosa moja. Barua ya wifi yake inafika, Zuhura anaificha. Haichani wala haichomi. Anaiweka chini ya godoro akingoja siku itakayomfaa. Basi! Mume anayemshuku sasa ana sababu. Mama mkwe si katili wa bure tena, ni mtu aliyeona pembe ya bahasha. Sura saba za kilio zikabaki mbili, na kila tukio likaanza kuzaa jingine. Mswada huo umekubaliwa mwezi uliopita. Ndiyo, najisifu. Nimengoja sana.

Mwaka 1927 mwandishi Mwingereza E. M. Forster aliwagawa wahusika kuwa bapa, wenye sifa moja tu, na duara, wenye sura nyingi. Kipimo chake cha mhusika duara: je, anaweza kutushangaza, nasi tukaamini? Kovu la gotini halimshangazi mtu. Barua chini ya godoro inashangaza, hasa ikiwekwa na mwanamke tuliyekwisha kumhurumia.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi, mpe mhusika wako kosa. Si kasoro ya mapambo, eti ni msahaulifu au ana hasira za karibu. Kosa alilolichagua mwenyewe, akijua. Kisha mwache alipe, usikimbilie kumwokoa. Mnaogopa wasomaji watamchukia? Wamchukie! Mnawabeba wahusika kama mayai, halafu mnashangaa wasomaji wanasinzia. Nasema tena: kosa.

Yule msomaji nilimuuliza mhusika wake amemkosea nani. Amenijibu jana usiku: "Hajamkosea mtu. Ni mwema sana, ndiyo maana nampenda."