Kabla hujaamini bluu ya kwenye simu

Wadogo zangu mnaoingia maabara mwaka huu kupima kwa kamera ya simu kiasi cha tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, kilichomo majini, mimi nilianza na mabibo. Msimu wa korosho hapa Mtwara yanaoza chini ya mikorosho, yanayosalimika yanaishia kwenye uraka, pombe yake, kwa hiyo malighafi haikunigharimu kitu. Nilikamua, nikachuja, nikaipika juisi saa kadhaa kwa nyuzi 180 ndani ya chungu cha chuma kinachofungwa kwa skrubu. Yakatoka maji ya rangi ya chai ambayo ukiyamulika kwa tochi ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti bandia, yanang'aa bluu. Hizo ndizo chembe za kaboni, kwa kawaida hazifiki nanomita 10. Ukitia tetrasaiklini bluu inafifia, unapiga picha, unasoma kiasi cha dawa.

Wiki tatu za mwanzo nilikuwa napima sabuni.

Vichupa nilivisafisha kwa sabuni ya unga, na sabuni nyingi za unga zina kemikali ya kung'arisha nguo ambayo nayo hutoa bluu chini ya tochi hiyo. Boksi la kupigia picha nalo nililipamba ndani kwa karatasi nyeupe za printa, zenye kemikali za aina hiyohiyo. Siku nilipoweka maji matupu, nayo yaking'aa, nilikaa chini. Sasa boksi ni jeusi ti, na vichupa nasuuza mara nyingi kwa maji yaliyokenekwa. Anza na maji matupu, yapime mara 10. Mtawanyiko wa namba hizo (standard deviation) uzidishe kwa 3, ugawe kwa mteremko wa grafu yako ya mng'ao dhidi ya viasi vya dawa unavyovijua: hicho ndicho kiasi kidogo kabisa unachoweza kudai umekiona.

Simu nayo ina huruma isiyotakiwa. Kichupa kikififia, yenyewe inaongeza mwanga, picha inatoka nzuri na kipimo kimekufa. Ingia kwenye kamera ya mipangilio ya mkono, funga ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), muda wa kufungua lenzi, fokasi na mizani ya rangi nyeupe. Hifadhi picha ghafi, maana ile ya kawaida simu imeshaipika. Kila picha iwe na kichupa cha rejea pembeni, kisichotiwa dawa. Betri ya tochi ikichoka, vyote viwili vitashuka pamoja, uwiano wao ubaki uleule.

Mtasikia habari za nukta za kwantumu, chembe nyingine ndogo zinazong'aa, ambazo wagunduzi wake walipewa Nobel ya Kemia 2023. Nzuri, lakini nyingi zina kadimi, metali yenye sumu. Kama hamna pa kupeleka taka zake, msiziguse.

Kilichonichelewesha zaidi ni hiki: tetrasaiklini yenyewe hufyonza urujuanimno wa karibu nanomita 360, palepale tochi inapomulika. Fanya jaribio hili. Weka dawa kwenye kichupa chake, kisimamishe kati ya tochi na kichupa cha chembe. Havijagusana, lakini bluu inafifia. Maana yake dawa inakula mwanga njiani, na chochote kinachokula mwanga huo kitasomeka kama dawa. Chuma kikiwa majini nacho huzima chembe nyingi za kaboni. Kwa hiyo ukileta maji ya kisima yenye umanjano, kwanza yamulike bila chembe, halafu gawanya sampuli: nusu ongeza dawa unayoijua kiasi, uone kama simu itakurudishia kiasi kilekile. Yangu ya kwanza ilinirudishia mara mbili.