Waliniambia fistula, na mimi sijawahi kuzaa

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 26, niko Korogwe. Tangu utotoni nalowa mchana na usiku, ingawa chooni naenda na kukojoa kama kawaida. Mama alinichapa akidhani ni uvivu. Shuleni nilifunga sweta kiunoni hata jua likiwaka. Waliniambia ni fistula, lile tundu la kuvuja mkojo linalowapata wanawake baada ya uzazi mgumu, na mimi sijawahi kuzaa. Mwezi uliopita siti skani ikaonyesha figo ya kushoto ina mirija miwili ya kupeleka mkojo kwenye kibofu, badala ya mmoja. Mmoja umepita kibofu ukafungukia ukeni. Je, nitapona? Naweza kuolewa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana, miaka 26 ni mingi mno. Kukojoa kawaida na bado kulowa ndiko kulikopaswa kumshtua mtu mapema. Mrija ukifungukia chini ya misuli inayobana mkojo, hakuna cha kuuzuia, hata ujikaze vipi. Tiba ni upasuaji: mrija huhamishiwa kwenye kibofu, au sehemu ya juu ya figo, unakotoka mrija huo, huondolewa kama haifanyi kazi tena. Muulize daktari wako kama sehemu hiyo imepimwa utendaji wake, maana hapo ndipo uamuzi ulipo. Ukipata homa na maumivu ya ubavuni, usisubiri tarehe ya kliniki. Kuolewa unaweza, na kuzaa pia. Na mama mwonyeshe hiyo picha.