Macho ya paka: majibu ya maswali yenu

Wengi mmeuliza kuhusu macho ya paka, nami nimechagua matano.

Kila asubuhi paka wangu ana matongotongo kavu kwenye kona ya jicho. Nimpeleke kwa daktari?

Kama ni kidogo, ya rangi ya kahawia, na jicho lenyewe ni angavu na liko wazi kabisa, hapana. Ni machozi yaliyokauka, kama yetu tunapoamka. Ute wa njano au wa kijani, au jicho jekundu, ni habari nyingine: huo ni ugonjwa, na kusafisha hakuutibu.

Nimsafishe vipi? Akiniona na pamba tu anakimbia.

Chemsha maji, uyaache yapoe hadi yawe vuguvugu. Nawa mikono. Mviringishe kwenye taulo kichwa tu kikiwa nje, kisha umpakate mgongo wake ukigusa tumbo lako. Paka anayefuatwa kwa mbele hurudi nyuma. Nyuma yake ukiwepo wewe, hana pa kurudi, na mara nyingi hutulia.

Loweka pamba bapa au shashi safi isiyoacha nyuzi, uikamue, uiweke juu ya matongotongo na uishikilie hapo huku ukihesabu pole pole hadi ishirini. Hapa ndipo wengi hukosea, wanakwangua. Matongotongo makavu yameng'ang'ania manyoya na ngozi nyembamba ya kope, na ukiyavuta unamwumiza. Kesho hatakubali umshike. Yakishalainika, futa mara moja kutoka kona ya karibu na pua kwenda nje, kisha tupa kipande hicho. Jicho la pili lichukuliwe pamba mpya, maana kama moja lina maambukizi, pamba ileile itayahamisha. Unafuta kope na manyoya tu, jicho lenyewe huligusi. Vijiti vya pamba vya masikioni viweke mbali kabisa: akitikisa kichwa ghafla, kitamchoma.

Nimeambiwa chai iliyopoa au maziwa husafisha vizuri zaidi. Ni kweli?

Hapana. Maziwa hulisha bakteria, na chai si kitu kisafi cha kutia jichoni. Ukitaka kilicho bora kuliko maji yaliyochemshwa, nunua duka la dawa maji safi ya chumvi ya asilimia 0.9, ambayo chumvi yake inakaribiana na ya machozi. Dawa ya kusafishia lenzi za macho usiitumie, ina viuavijidudu.

Nina matone ya macho yaliyobaki nilipougua mimi. Naweza kumtilia?

Tafadhali usifanye hivyo. Mengine yana steroidi, yaani dawa za kupunguza uvimbe, na kama konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, ina kidonda, steroidi huzuia kisipone na jicho linaweza kutoboka. Yale ya kuondoa wekundu yenye tetrahidrozolini ni sumu kwa paka.

Paka wangu wa kwanza alikwaruzwa jicho na mwenzake. Siku mbili nilikuwa namfuta tu, nikidhani ni uchafu, ingawa alikuwa analifumba. Jioni ya pili nilimmulika tochi kwa ubavuni nikaona doa jeupe, dogo kama punje ya mchele. Daktari wa mifugo alimtia rangi ambayo hung'aa kijani palipo na kidonda, na paling'aa. Alipona, lakini kovu lilibaki, na siku zile mbili bado zinaniuma. Kwa hiyo paka akifumba jicho moja, jicho likiwa na ukungu, au mboni zake zikitofautiana ukubwa, weka pamba chini umpeleke siku hiyohiyo.

Watoto wa paka wangu wana siku sita. Mmoja macho yamefumba, lakini yamevimba. Nisubiri yafunguke?

Usisubiri. Kwa kawaida macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14, na kufumba kwa sasa si tatizo. Kuvimba ndiko kunakotisha: usaha unajikusanya nyuma ya kope na unaweza kuliharibu jicho kabla halijaona mwanga. Usiyafumbue kwa vidole. Mkande kwa kitambaa safi chenye maji vuguvugu, mfunike asipate baridi, umpeleke kwa daktari leo. Wachukue na wenzake pamoja na mama yao, kwa sababu maambukizi haya husambaa haraka kati ya ndugu, na mtoto wa siku sita hawezi kukaa muda mrefu bila kunyonya.