Mbwa wa kulala nje Mtwara: anza na kivuli, dawa zitafuata

Mkuu, umesema umehamia Naliendele kutoka Arusha na German Shepherd wako, uwanja umepakana na mikorosho, na fundi anataka kukupigia banda la bati. Nimefuga mbwa wa nje hapa Mtwara muda mrefu, vumilia jibu refu.

Bati achana nalo. Mbwa hapoi kwa jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema, na hewa yetu ya pwani imejaa unyevu, kwa hiyo anahema bila kupata nafuu ya maana. Ezeka makuti, acha pande mbili wazi upepo upite, na inua sakafu ili masika yasimkute kalala kwenye tope. Maji weka kwenye chombo kizito asichoweza kukipindua, tena kivulini. Manyoya usimnyoe hata kama unamwonea huruma, maana jua litamchoma ngozi. Mchane tu yale yaliyokufa. Ukimwona anahema kupita kiasi, mate mazito yanamtoka na anayumba, mvute kivulini, mlowanishe maji mwili mzima, mpepee, kisha mkimbize kwa daktari wa mifugo. Usisubiri kuona kama atatulia mwenyewe.

Kumtembeza ndipo penye mtihani. Kila mtu atakwambia umtoe alfajiri kabla mchanga haujawaka, na ni kweli. Lakini kuanzia Mei au Juni hadi Agosti hivi wenzetu wanapuliza salfa, dawa ya unga ya kuzuia ukungu, kwenye mikorosho, na wanapuliza asubuhi hiyohiyo, umande ungalipo na upepo umetulia. Vumbi lile linawasha macho na kifua, halafu likishika manyoya mbwa analilamba. Miezi hiyo mimi natoka jioni, saa kumi na moja na nusu hivi, baada ya kugusa mchanga kwa mgongo wa kiganja. Waulize majirani siku zao za kupuliza, watakwambia bila shida. Na kama usiku unamwachia uwanjani, geti liwe limefungwa vizuri kabla watu hawajaanza kwenda swala ya alfajiri. Mtu ana udhu wake, hataki kunuswa kanzu.

Kupe: mkague kila siku masikioni, makwapani na katikati ya vidole. Mafuta ya taa na oili chafu ya gari, ambayo utashauriwa sana, ni sumu akijilamba. Tumia dawa ya kuogesha kwa kipimo cha daktari, na banda nalo lipulizwe, maana kupe wengi wamejificha kwenye nyufa. Akikataa chakula, fizi zikapauka au pua ikatoa damu, peleka damu ipimwe.

Chanjo ya kichaa cha mbwa haina mjadala: akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka, na kadi uitunze. Lindi na Mtwara zilikuwemo kwenye mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kutokomeza ugonjwa huu, ulioanza 2010, lakini mradi wa zamani haumkingi mbwa aliyezaliwa juzi. Fuatilia ofisi ya mifugo ya halmashauri, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani. Mtu aking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

La mwisho, kwa sababu umesema wikiendi utampeleka ufukweni. Shangani, Mikindani, popote wavuvi wanapochambua nyavu, usimfungue kamba yake. Bunju, wale samaki wenye sumu, wanatupwa palepale mchangani, na sumu yake haiishi kwa kukauka wala kupikwa. Mbwa akimla anaweza kuanza kutapika, miguu ikalegea, mwisho pumzi ikakata, na dawa ya kuivunja sumu hiyo hakuna. Ukimkuta ameshamtia mdomoni, mnyang'anye, kisha nenda kwa daktari hata kama bado anatikisa mkia.