Tumbo joto

Magazeti yetu yakiandika "wafanyakazi matumbo joto" hakuna anayedhani kuna ugonjwa umezuka. Tunaelewa mara moja kwamba watu wana wasiwasi. Nimeusoma msemo huo miaka nenda rudi bila kuutilia maanani, mpaka tumbo langu lenyewe liliponifundisha.

Natunza hesabu za duka la vipuri Kariakoo. Enzi hizo asubuhi ilikuwa chai ya rangi na chapati mbili, mchana sipati hata nafasi ya kukaa, saa nne usiku chipsi mayai na soda, halafu moja kwa moja kitandani. Gesi, kiungulia, choo siku ya tatu au ya nne, tena kwa shida. Na hasira juu. Siku moja nilimfokea mdogo wangu mbele ya wageni kwa sababu ya kijiko. Kijiko! Mke wangu akaniambia usiku, "Baba watoto, siku ukipata choo kizuri nyumba nzima inapumua."

Mtaani kila tumbo linalouma ni vidonda. Nikanunua vidonge vya kutafuna, nikavitafuna kama karanga. Muuzaji hakuniuliza natumia dawa gani nyingine, na mimi sikusema kwamba kila siku nilikuwa nameza diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa ajili ya mgongo. Daktari ndilo swali lake la kwanza, maana dawa za aina hiyo huweza kuchubua ukuta wa tumbo. Akanizuia, akanipima choo kutafuta bakteria wa vidonda. Sikuwa nao. Ukikutwa nao, maliza dozi yote. Barry Marshall wa Australia aliwanywa makusudi mwaka 1984 ili kuonyesha kwamba wanaleta ugonjwa, na mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Na ukiona choo cheusi kama lami, unatapika damu au unakonda bila sababu, acha kusoma, nenda hospitali.

Mimi kilichonisaidia zaidi ni daftari la shilingi chache. Upande mmoja naandika nilichokula, upande wa pili moyo ulikuwaje. Nilitegemea kuikamata chipsi. Kweli ilikuwemo, lakini Jumamosi niliila na nikalala vizuri. Siku mbaya kabisa zilikuwa za mwisho wa mwezi, tunapohesabu stoo. Siku hizo tumbo lilianza kukoroga kabla sijatia kitu mdomoni.

Utumbo una mtandao wake wa neva, yaani mishipa ya fahamu, na umeunganishwa na ubongo kwa neva ya vagasi, ambayo nyuzi zake nyingi hupeleka habari juu kutoka tumboni. Kwa hiyo wasiwasi hulivuruga tumbo, na tumbo lililovurugika hukurudishia wasiwasi. Utasikia pia kwamba serotonini, kemikali inayohusishwa na furaha, nyingi yake mwilini, kama asilimia 90, hutengenezwa tumboni, basi kula ndizi ufurahi. Si rahisi hivyo. Serotonini ya tumboni haivuki kuingia kwenye ubongo.

Nilibadilisha sembe kwa dona, lakini usifanye kwa pupa kama mimi. Wiki ya kwanza nilijaa gesi kama puto. Nikaanza upya kwa kuchanganya nusu kwa nusu, na maji mengi. Maharage tunayaloweka usiku kucha, maji yale tunayamwaga. Matembele karibu kila siku, papai, mtindi usio na sukari. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi miaka mingi Uganda, aliwahimiza Wazungu wenzake wale vyakula vyenye nyuzinyuzi kwa sababu ya alichokiona huku kwetu, na sisi tunakoboa mahindi mpaka yawe meupe kama chaki.

Chakula cha usiku sasa ni saa moja. Asubuhi nashuka kwenye basi kituo cha Fire, natembea hadi dukani. Choo kilirudi ndani ya mwezi hivi. Hasira ilichelewa, ikapungua kidogo kidogo.

Mwisho wa mwezi bado tumbo linakoroga. Siku hizi najiandaa: usiku ule nakula uji tu, na namwambia mke wangu mapema kwamba kesho tunahesabu stoo. Naye anaficha vijiko.